Baiskeli ya Uani na Barabara ya Kwihara

Tabora, nyumba za reli

Bi Zuwena,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuianza barua yako kwa neno jingine. Nimeiandika, nawe ipokee kwa namna yoyote wanayopokelea salamu huko uliko.

Mguu mzima. Nimetanguliza mguu kwa sababu nakujua, usingesikiliza habari nyingine kabla ya hiyo. Kila nilipobisha mlango wako asubuhi hukuniuliza nimeamkaje. Ulikuwa unauliza, "Mguu umeamkaje, Maganga?" Basi leo umeamka vizuri, umetembea juu ya reli na nyundo begani, umerudi, na sasa umenyooshwa chini ya meza ninapoandika. Tereza anapika maharage. Ananiuliza ninacheka nini peke yangu, namwambia namwandikia Bi Zuwena, naye anasema, "Msalimie." Basi anakusalimu.

Nataka kukumbuka mambo yetu tangu mwanzo. Unayajua yote, lakini tangu uondoke sijapata mtu wa kuyacheka naye, na kuyaacha yakae kimya naona ni hasara.

Unakumbuka siku ile ya chumba cha mazoezi hospitalini? Mimi nilikuwa nimetolewa plasta ngumu juzi yake. Tulikuwa tunatoka Kigwa kwenye kiberenge, ng'ombe akaingia relini, dereva akakamata breki, kiberenge kikasimama, mimi nikaendelea. Ng'ombe hakupata hata mkwaruzo. Mguu wangu wa kulia ulivunjika chini ya goti, na ulipotoka kwenye plasta ulikuwa mwembamba, umepauka, hauna habari na mimi. Kazi yangu, unajua, ilikuwa kutembea. Kila asubuhi nilipita kipande chetu cha njia nikikagua nati za reli na mataruma yanayozibeba ili gari moshi la abiria lipite salama. Daktari wa kazini alikuwa amenieleza bila kuzunguka: mvua zikiisha nitapimwa kwa kutembea kipande chote bila fimbo. Nikiweza, narudi kazini. Nisipoweza, narudi kijijini nikalime kwa mguu mmoja. Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule, Bi Zuwena. Niliingia kwenye chumba kile na magongo yangu nikiwa sina hamu ya kuongea na mtu.

Nawe ulikuwa umekaa kwenye benchi, buibui hadi kidevuni, na uso wa mtu aliyeletwa kituo cha polisi. Sista Yustina, muuguzi wetu wa mazoezi, alikuwa amesimama mbele yako mikono kiunoni.

"Bibi, sukari imepanda na miguu imeanza ganzi. Usipotembea, kidonda kimoja kidogo kitakula mguu wako."

Ukamjibu, "Nitembee niende wapi? Maisha yangu yote nimekaa dukani. Watu ndio wanaotembea kuja kwangu."

Nilicheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ng'ombe yule. Ukanigeukia ukaniangalia magongo, ukasema, "Na huyu naye anacheka nini, na miguu yake ya mbao?" Sista Yustina akatuangalia mmoja mmoja, nikaona kabisa wazo linavyomwingia.

Alitupeleka kwenye mashine. Ile baiskeli ya chuma ya kijani iliyosimama pembeni, haina gurudumu la nyuma, na mbele ina gurudumu moja zito lenye mkanda. Ukikaza parafujo mkanda unabana, na kukanyaga kunakuwa kazi ya kupanda kilima. Akasema, "Mashine itawapa nguvu ya goti na itachoma sukari. Lakini mtu akikanyaga mashine tu, siku akikutana na shimo barabarani ataanguka. Na mtu akitembea tu huku goti halina nguvu, ataanguka vilevile. Nataka vyote viwili, kila siku. Na lengo la kila wiki nitawapa mimi." Kisha akatufunga pamoja: mimi nisitembee peke yangu nisije nikaanguka, wewe hutaki kutembea peke yako usije ukachekwa, na mitaa yetu inapakana. "Tembeeni pamoja," akasema, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Bi Zuwena, wiki ile ya kwanza ilikuwa kichekesho cha mji. Mimi na magongo, wewe umevaa raba nyeupe za mwanao Nassoro chini ya buibui, zinakupwaya, umezijaza pamba. Lengo lilikuwa msikiti wa mtaani kwenu na kurudi. Tulipumzika mara nyingi hata watu waliokuwa wanakwenda sokoni walitukuta palepale wakirudi. Mama mmoja aliniuliza kama nakupeleka hospitali. Ukamjibu, "Mimi ndiye ninayempeleka yeye."

Halafu wale watoto wa shule na mchakamchaka wao! Walikuwa wanapita alfajiri wakikimbia kwa mistari, wanaimba, vumbi linapanda. Siku za mwanzo ulikuwa unajibanza ukutani wapite. Siku moja hukujibanza. Ulisimama katikati ya njia, wakagawanyika wakakupita huku na huku, mwalimu wao akakuamkia akikimbia, nawe ukaanza kuinua miguu kufuata mapigo ya wimbo wao. Raba moja ikachomoka mguuni. Mtoto wa mstari wa mwisho akaiokota, akairudisha, akakimbia kuwafuata wenzake. Tangu siku hiyo walikuwa wakikuona tu wanapandisha sauti.

Sista alitupa lengo la sokoni, akatupa la stesheni, akatupa la njia ya shule. Mimi nikaacha gongo moja, kisha la pili, nikabaki na bakora. Sukari yako ikashuka. Siku ile alipokuambia imeshuka ulimuuliza kama ana uhakika, akasema ana uhakika, ukavua buibui palepale, ukaomba kupanda mashine tena, na akina mama wa foleni wakakupigia makofi. Ndipo ukasema lile jambo. Malengo ya sokoni umeyachoka. Unataka kufika Kwihara kwa miguu.

Sista aliuliza Kwihara kuna nini. Ukamwambia ndiko ulikozaliwa, na hujarudi tangu ulipoolewa mjini, na wa kwenu wote wamekwisha kuhama. Akafikiri. Akasema ni mbali, lakini mvua zikiisha, miguu ikiruhusu, ataona. Ulitoka nje umenyanyua kidevu.

Basi mvua zikaja, tena si kidogo. Barabara zetu zikawa tope jekundu. Hospitali nayo mkanda wa mashine ukakatika, na mkanda mwingine wa kufaa haukupatikana mjini. Tukabaki na barabara peke yake, na barabara yenyewe haipitiki. Nilijaribu. Siku moja karibu na soko nikateleza, bakora ikaenda huku mimi kule, nikakaa kwenye dimbwi mbele ya watu wote. Sikuvunjika popote. Lakini goti lilivimba, na moyo ulivimba zaidi. Nilirudi nyumbani nikapanda kitandani nikageukia ukuta. Nilimwambia Tereza aanze kufunga vyombo, tutahamia kijijini kabla hawajanifukuza. Yeye hakufunga hata sufuria. Ulipotuma mtu kuniulizia nilisema nina homa.

Kumbe wewe hujui kuambiwa mtu ana homa.

Nilisikia mlango unagongwa mchana, manyunyu yanaanguka. Tereza akafungua. Ulikuwa umesimama hapo, buibui limelowa limekuganda, tope limekufika magotini, raba zako umezishika mkononi. Peke yako. Nassoro hakujua. Wewe uliyekuwa hukubali kwenda hata kwa jirani bila mtu, umekuja kutoka mtaani kwenu mpaka nyumba za reli, umekata tope lote lile. Hukukaa. Ulisema, "Maganga, mimi mwenye miguu ya ganzi nimefika. Wewe mwenye miguu inayouma umelala. Afadhali inayouma, mwanangu, maana unajua iko wapi."

Tereza alikuosha miguu kwa maji ya moto, akavikagua vidole vyote kama vina kidonda, na hakukuwa na kidonda. Nami nikatoka kitandani nikakusindikiza kurudi, polepole, nimeshika ukuta na uzio wa watu. Njiani ndipo ukaniambia umeamua kuhusu baiskeli.

Nilikuwa naijua. Kila mtu mtaani kwenu aliijua baiskeli ya marehemu mumeo, nyeusi, imefunikwa shuka uani, haipandwi na mtu. Nassoro mwenyewe hakuruhusiwa. Nikakuambia usifanye hivyo kwa ajili yangu. Ukasema, "Nani kakuambia ni kwa ajili yako? Mimi nakwenda Kwihara."

Fundi Hamisi wa kuchomelea aliuliza mara tatu kama kweli aikate baiskeli aifanye mashine ya uani. Ulisimama pale mpaka msumeno ulipomaliza. Hukulia. Ulishika usukani kidogo, ukasema kitu kimoja kwa Kiarabu ambacho sikukielewa, kisha ukamwambia fundi, "Haya, iendelee." Akaichomelea kwenye miguu ya chuma, gurudumu la mbele akalitoa, la nyuma akalizungushia mpira wa gari ulete uzito, na akaweka paa la makuti juu yake mvua isitunyeshee. Kukanyaga kwake kulikuwa na kelele za mashine ya kusaga. Tulikanyaga kwa zamu, wewe ukitoka mimi napanda, na aliyeshuka alizunguka ua huku na huku mpaka zamu yake ifike. Sista Yustina alikuja akaona, akajaribu mwenyewe, akasema inafaa kuliko yake.

Na balozi wenu wa nyumba kumi, Mzee Mrisho! Bado namwona. Alikuja na kofia yake akiwa amenuna, amesikia kuna kiwanda kinanguruma uani kwako na hajaarifiwa. Ukamwambia, "Karibu ukague, ndugu balozi. Kaa hapo. Kanyaga." Akakanyaga. Akakanyaga sana. Aliposhuka miguu ilikuwa inamtetemeka, akasema kwa sauti ya mkutano kwamba hili ni jambo la maendeleo na afya ya wananchi, na kwamba atalazimika kulikagua kila siku. Kesho yake alikuja na mke wake, na keshokutwa jirani zake. Ua wako uliokuwa kimya miaka ile yote ukajaa watu wanaosubiri zamu, wanapokea kahawa, wanabishana nani kakanyaga kwa nguvu. Wewe umekaa kwenye kiti kidogo unaamuru: "Wewe umepumzika mno. Zunguka ua!"

Mvua zikaisha. Siku ya kupimwa ikafika. Mkuu wa njia alitangulia, mimi nyuma yake, jua halijapata ukali. Sikukuambia ni saa ngapi, lakini ulijua. Tulipokipita kivuko cha mwisho cha mji nilikuona umesimama kando ya reli na Mzee Mrisho na Sista Yustina, mmevaa nguo za sikukuu. Hukupunga mkono. Ulinitazama mguu tu. Nilitembea, Bi Zuwena. Mataruma yale yamepangwa karibu mno kwa hatua moja na mbali mno kwa nusu, kila mtu wa reli anajua, na mtu mwenye goti bovu hawezi kujificha pale. Nilihisi goti likibeba. Lilikuwa linauma, na nilijua liko wapi. Tulipofika mwisho wa kipande mkuu wa njia akageuka, akaniuliza, "Fimbo yako umeiacha wapi?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Akasema, "Kesho uje na nyundo."

Juma lililofuata tukaenda Kwihara.

Tulitoka alfajiri, wewe, mimi na Sista Yustina, aliyeomba ruhusa ya siku nzima. Mimi nilikuwa na kikapu cha chakula begani: mikate ya kumimina, tende, chupa ya chai, na dawa zako. Njia ilikuwa imekauka, majani mabichi pande zote, harufu ya ardhi iliyoshiba. Uliongea njia nzima. Ulituonyesha wapi palikuwa na kisima, wapi misafara ilikuwa inafyatua bunduki kuwajulisha wenyeji kwamba wageni wanakuja. Babu yako alikuja na misafara kutoka pwani, akaleta nguo na shanga, akajenga nyumba yake hapo. Nami nikasema, "Babu wa baba yangu naye alikuja kwa njia hii hii. Yeye alibeba." Sikusema kwa ubaya. Ilitoka tu, kwa sababu njia ilikuwa chini ya miguu yetu.

Tukatembea kidogo. Kisha ukasema, "Babu yangu alipanda punda." Sista Yustina akacheka, nami nikacheka, lakini wewe hukucheka. Ulisimama. "Nipe kikapu, Maganga."

Nikasema kizito. Ukasema, "Najua kizito. Nipe."

Ukakitia begani juu ya buibui, ukakishika kwa mkono mmoja, ukatangulia. Hatukukupokonya. Sista alinishika mkono nilipotaka kukufuata, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwache." Ulikibeba mpaka tulipoziona kuta za nyumba ya babu yako. Pale ulikiweka chini, ukajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, uso wako umewaka, ukasema, "Haya. Sasa tule." Kuta zilikuwa zimeanguka nusu, mbuzi wa watu wamelala ndani. Uliingia, ukatuonyesha chumba ulichozaliwa, ukawaomba mbuzi wakupishe. Tukala mikate tukiwa tumeegemea ukuta wenye jua. Sijawahi kula mkate mtamu namna ile. Kisha ukaturudisha mjini kwa miguu yako, na karibu na soko ukawa unatukaripia sisi kwamba tunabaki nyuma.

Uliondoka msimu wa baridi, baada ya swala ya alfajiri, umelala kwenye mkeka wako. Moyo tu ulichoka, alisema daktari. Miguu yako yote miwili ilikuwa mizima, bila kidonda, na wanawake waliokuosha walitoka wakatuambia hivyo hivyo, kana kwamba mtaa mzima ulikuwa unasubiri taarifa hiyo. Nassoro aliponiona nimesimama pembeni kwa sababu mimi ni Mkristo na sikujua nafasi yangu, alinishika bega akanipeleka chini ya jeneza. Tulikwenda haraka, kama desturi yenu ilivyo, watu wakipokezana, na kila walipotaka kunipokea nilisema bado. Nililia, Bi Zuwena, sikufichi. Lakini nilikwenda hatua sawa na wote mpaka mwisho.

Sasa habari za tangu hapo. Nimepewa usimamizi wa genge letu la wafanyakazi wa njia ya reli. Mzee Mrisho bado anakuja uani kwako kufanya ukaguzi na amepungua tumbo, mkewe anaogopa atapotea. Nassoro ameongeza baiskeli ya pili, na akina mama wa darasa la watu wazima wanapita hapo kwanza kabla ya kwenda kusoma. Mashine ya hospitali imepata mkanda. Sista Yustina amepata mchumba, mwalimu, na amemwekea lengo la kila wiki.

Na Mama yangu amekuja kutoka kijijini kwetu Ziba. Magoti yamemvimba hata kisimani alikuwa haendi tena. Nilimpeleka kwa Sista, Sista akamwambia mashine na barabara, kila siku, na Mama akamjibu kwa kilugha maneno ambayo nashukuru Sista hakuyaelewa. Siku mbili hakutoka nje. Leo asubuhi nilimshika mkono, tukatoka taratibu. Nilitaka tufike kwenye bomba la maji tu, turudi. Tulipofika aliona gari moshi la mizigo limesimama mbele, linapanga mabehewa, akakataa kurudi mpaka liondoke. Hakuwahi kuliona karibu vile. Tukasimama, ameegemea bega langu, akiyataja mabehewa rangi zake, mpaka la mwisho likapotea. Nyumbani alivua kandambili, akakaa mkekani, akajikanda magoti kwa muda mrefu, akasema, "Kesho tufike pale lilipokuwa limesimama."

Tereza ananiita chakula. Kwaheri, Bi Zuwena. Mungu akulaze mahali pema, pa kupumzika kweli. Nakuahidi nitamfikisha Mama pale.

Mimi mwanao,
Maganga